Tuangalieni hadi nyayoni: barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za VVU na za saratani

Waheshimiwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa programu za kudhibiti UKIMWI, wakuu wa taasisi za saratani, na ninyi mnaotoa fedha za kuendesha huduma hizi,

Nawaandikia kwa heshima. Mimi ni mwanamke, naishi na VVU, huu ni mwaka wa 17. Dawa nameza kila usiku saa tatu, tarehe ya kliniki sijawahi kuikosa, na kipimo cha wingi wa virusi kimekuwa kikirudi "havionekani" miaka mingi mfululizo. Kwenye takwimu zenu mimi ni mtu aliyefanikiwa. Kaka yangu naye, hadi wiki aliyofariki, alikuwa anaelekea kuandikwa hivyo hivyo, maana virusi vyake vilikuwa vinashuka kila vikipimwa. Kilichomuua ni saratani ya Kaposi, ile inayoota mabaka kwenye ngozi na hata ndani ya mwili, na doa la kwanza lilikuwa kwenye unyayo wa mguu wake wa kushoto.

Kaka yangu aliwahi kuacha dawa kwa karibu miaka miwili. Silifichi hilo, na yeye mwenyewe hakulificha. Alipoteza kazi, akahama, akaona aibu kuanza kujieleza upya kwa watu asiowajua, siku zikawa miezi. Aliporudi alikuwa amekonda na kinga imeshuka sana. Walimrudishia dawa siku ile ile, na kwa hilo nawashukuru hadi leo. Lakini mahudhurio manne yaliyofuata nilikuwa naye, nimeketi pembeni yake, na maneno ninayakumbuka.

"Sista, huu mguu unavimba. Kiatu hakiingii."

"Kaka, miaka miwili bila dawa ulitegemea nini? Wewe meza dawa, mwili utajirudi."

Sista yule hakuwa mtu mbaya. Nje kulikuwa na foleni inayofika mlangoni, na mezani kwake kulikuwa na fomu yenye visanduku vya kuweka tiki. Anakohoa? Ana homa? Amepungua uzito? Anatokwa jasho usiku? Maswali hayo manne ya kifua kikuu aliyauliza kila tulipokwenda, hakuruka hata moja, kwa sababu yameandikwa na kwa sababu kuna mtu atakuja kukagua kama yameulizwa. Hapakuwa na kisanduku kinachosema mgonjwa avue viatu. Hapakuwa na kinachosema afungue mdomo.

Hudhurio la tano tulimkuta daktari aliyeshika zamu ya mwenzake. Akamwambia avue soksi. Unyayoni palikuwa na mabaka matano ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, moja limeinuka kama kifungo cha shati. Akawasha tochi ya simu, akamwambia aseme "aaa", na kwenye kaakaa palikuwa na lingine, bapa, la rangi ya damu iliyoganda. Kwenye ngozi nyeusi mabaka haya hayajitangazi. Yanafanana na kovu la zamani au na fangasi, na kweli kaka yangu alikuwa amekwisha kupewa dawa ya fangasi ya kupaka mara mbili. Daktari yule alitumia dakika tatu, labda nne. Tangu mguu uanze kuvimba ilikuwa imepita miezi minane.

Kinyama kilikatwa wiki mbili baadaye. Majibu ya maabara ya patholojia yalichukua wiki sita nyingine. Yalipofika, kaka yangu alikuwa tayari anakohoa damu, kwa sababu saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alipata mzunguko mmoja tu wa dawa za saratani.

Waheshimiwa, ugonjwa huu si mgeni kwenu. Saratani ya Kaposi ilielezwa na daktari Moritz Kaposi mwaka 1872. Tarehe 3 Julai 1981, kabla hata neno UKIMWI halijatungwa, mamlaka za afya za Marekani zilitoa taarifa ya wanaume 26 wa New York na California waliopata saratani hii kwa namna isiyo ya kawaida. Kwa hiyo saratani ni moja ya ishara zilizoifanya dunia ijue kwamba kuna janga jipya. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore walikipata kirusi kinachoisababisha, kirusi cha nane cha jamii ya hepesi. Tumejua yote haya miaka yote hii, halafu mtu aliye kwenye hatari kubwa anahudhuria kliniki mara nne akiwa na soksi miguuni.

Ombi langu ni moja. Sisi tayari tunakuja kwenu. Hakuna kundi la watu wazima wanaofika kituo cha afya kwa ratiba kama sisi, kila baada ya miezi mitatu au sita, mwaka hadi mwaka. Tukifika mnahesabu vidonge, mnatoa damu, mnatupa tarehe nyingine. Naomba siku hiyo hiyo, chumba hicho hicho, tuangaliwe na saratani pia.

Mtasema dawa ndiyo kinga ya kwanza. Ni kweli, na sitaki mtu yeyote asome barua hii akafikiri dawa hazina kazi. Ninyi wenyewe mlitufundisha kuziita CD4, seli za kinga, askari wa mwili, na mfano ule ni mzuri. Virusi vingi vinavyoleta saratani viko ndani ya watu wengi bila madhara: cha papiloma (HPV) kwenye mlango wa kizazi, kile cha Epstein na Barr kinachohusika na limfoma, yaani saratani ya matezi, homa ya ini B na C, na hicho cha Kaposi. Askari wakiwa kamili huvibana visifurukute. VVU vinapowapunguza, virusi hivi hupata nafasi ya kukaa muda mrefu ndani ya seli na kuharibu utaratibu wa kujigawa kwake. Dawa zinarudisha askari, na tangu tiba ya dawa mseto ianze mwaka 1996, Kaposi na limfoma zilipungua sana pale ambapo watu walizipata mapema. Utafiti mkubwa wa START, uliofanyika katika nchi 35 na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa anayeanza dawa mara moja bila kusubiri kinga ishuke anapungukiwa hatari ya magonjwa makubwa, saratani ikiwemo. Ndiyo maana leo tunaambiwa "pima, anza".

Ila kupungua si kuisha. Aliyechelewa kuanza, aliyeacha akarudi, au aliyeishi miaka mingi kinga ikiwa chini kabla ya kugundulika, anabeba hatari hiyo hata baada ya virusi kushuka. Na sasa tunazeeka, shukrani kwa dawa hizo hizo, na saratani ni ugonjwa unaopenda umri. Kipimo cha "havionekani" kinazungumzia virusi vya VVU tu. Mlango wa kizazi, mapafu na ini hakivizungumzii.

Naomba niseme kuhusu mlango wa kizazi kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo kuna watu wengi zaidi na ndipo sababu ya kushindwa ni ndogo zaidi. Mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika na saratani hii, na wapatao 350,000 walikufa. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita ya kuipata kuliko asiye navyo. Mara sita! Na hii ni saratani inayochukua miaka kukomaa, inayotanguliwa na mabadiliko yanayoonekana, yanayotibika kabla hayajawa saratani.

Mimi mwenyewe miaka 11 ya kwanza sikuwahi kuambiwa hata neno moja kuihusu. Huduma ilikuwepo, kwenye jengo la pili, siku ya Alhamisi. Kliniki yetu ilikuwa Jumatatu. Fikirieni mwanamke anayeomba ruhusa kazini kila mara bila kuweza kusema anakwenda wapi, halafu aombe ruhusa nyingine wiki hiyo hiyo, apange foleni mahali ambapo hajulikani, ajieleze tena kwa mtu mwingine. Hakwendi. Mimi sikwenda.

Kilichobadilika ni kwamba siku moja huduma ililetwa mlangoni petu. Muuguzi alinipa kijiti chenye brashi laini ndani ya bomba, akanielekeza kwa sauti ya chini, nikaingia chooni nikajichukulia sampuli mwenyewe. Sikupanda kitanda wala sikuvuliwa nguo mbele ya mtu. Waliipima kwa mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima makohozi ya kifua kikuu na wingi wa virusi vyetu. Ilibadilishwa katriji tu, na baada ya saa moja na kidogo jibu likatoka. Nilikuwa na kirusi cha papiloma cha aina ya 16, moja ya zile mbaya. Wakanipaka siki, wakaona sehemu imegeuka nyeupe, wakaichoma kwa kifaa cha joto. Uchomaji wenyewe haukufika dakika mbili. Nilirudi nyumbani na dawa zangu za miezi mitatu mkobani, tumbo likiniuma kama siku za hedhi. Mwaka uliofuata nikapimwa tena, pako safi.

Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Nimeona inavyofanyika, na mashine mnazo.

Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza mwaka 2021 kwamba sisi tuanze kupimwa tukiwa na miaka 25, si 30 kama wengine, na turudie kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Na mwaka 2020 nchi zenu zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa dhidi ya kirusi cha papiloma kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo cha uhakika, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Naomba kliniki za VVU ndizo zifike hapo kwanza.

Kuhusu chanjo nina wasiwasi ambao sijasikia ukisemwa vya kutosha. Nchi nyingi zimehamia kwenye dozi moja kwa wasichana, na kwa wengi wao inatosha. Lakini kwa msichana anayeishi na VVU, mwongozo unataka angalau dozi mbili, na tatu ikiwezekana. Chanjo mara nyingi hutolewa shuleni. Sasa yule binti wa miaka 11, aliyezaliwa na virusi, ambaye darasani hakuna anayejua, nani atampa dozi ya pili? Akiitwa peke yake nje ya darasa, siri yake imekwisha. Asipoitwa, kinga yake haikukamilika. Jibu liko kliniki, anakofika na mama au bibi yake kuchukua dawa. Dozi zake ziwekwe pale, zirekodiwe kwenye kadi yake ya pale. Hili linahitaji programu ya chanjo na programu ya UKIMWI zikae meza moja kwa asubuhi moja.

Kukaa meza moja, hapo ndipo tunapokwama kila mahali. Mwaka 2008 Tuzo ya Nobel ya tiba iligawanywa kati ya Harald zur Hausen, aliyegundua kuwa virusi vya papiloma husababisha saratani ya mlango wa kizazi, na Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier waliogundua VVU. Huko Stockholm virusi hivi viwili vilisimama jukwaa moja. Kwetu vina idara mbili, bajeti mbili na mafaili mawili, na mgonjwa ndiye anayebeba karatasi kutoka jengo moja kwenda jingine.

Mafaili mawili yanaua pia kwa njia ambayo ndugu wengi hawaioni. Mgonjwa anapelekwa hospitali ya saratani, na hasemi kwamba ana VVU, ama kwa hofu ama kwa sababu hakuulizwa faraghani. Au anasema, na anaambiwa asimamishe dawa za VVU "ili mwili upumzike". Mwili haupumziki kwa kunyang'anywa kinga katikati ya dawa za saratani. Halafu kuna mgongano wa dawa zenyewe. Ritonavir, dawa ya VVU, huongeza kiwango cha vincristine, dawa ya saratani, mwilini, mgonjwa akafa ganzi miguu na mikono, wakati vincristine ndiyo inayotumika sana kwa Kaposi na limfoma. Zidovudine, nayo ya VVU, hudhoofisha uboho, ambao tayari unaumizwa na dawa za saratani. Mara nyingi tatizo hili linaondoka kwa kubadilisha dawa za VVU, jambo la simu moja kati ya daktari na daktari. Kila hospitali ya saratani iwe na mtu mmoja wa kliniki ya VVU anayepigiwa simu hiyo, kwa jina na kwa namba, ukutani.

Nije kwenye matezi. Sisi washauri rika tunawafahamu watu waliovimba shingoni au kwapani, wakaanzishiwa dawa za kifua kikuu bila tezi kuchunguzwa, kwa sababu kifua kikuu ndicho kinachofikiriwa kwanza. Mara nyingi huwa ndicho. Lakini pale ambapo wiki zinapita, dawa zinamezwa sawasawa, na tezi linaongezeka badala ya kupungua, mgonjwa huambiwa avumilie. Limfoma haimsubiri mtu avumilie. Zipo zinazokua maradufu ndani ya siku chache. Wekeni utaratibu kwamba tezi lisilopungua likatwe, na majibu yawe na tarehe ya mwisho.

Hapa ndipo fedha zinapotakiwa kweli. Katika nchi nyingi dawa za VVU ni bure, ila kukatwa kinyama na kusomewa majibu mgonjwa analipa mwenyewe. Mtu anayepewa bure dawa ya kumfikisha uzeeni anashindwa kulipia karatasi ya kumwambia anaumwa nini. Wataalamu wa patholojia ni wachache, najua, na hawafundishwi kwa mwaka mmoja. Basi anzeni na usafirishaji: magari yanayobeba damu za wingi wa virusi kila wiki yabebe na vichupa vya vinyama.

Yapo mengine nitayagusa tu. Saratani ya njia ya haja kubwa, ambayo watu huona haya hata kuitaja: mwaka 2022 utafiti uliofanyika Marekani kwa watu zaidi ya 4,400 wanaoishi na VVU ulionyesha kwamba kutibu mabadiliko ya awali hupunguza saratani hiyo kwa zaidi ya nusu. Wanaume wanaofanya ngono na wanaume ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi, na hawatakuja mahali wanapotukanwa. Homa ya ini B: kila anayeanza dawa apimwe, na msimwondolee tenofovir, dawa ya VVU inayoizuia na homa hiyo, mtu aliye nayo bila kumpa kitu kingine cha kuishikilia. Asiye nayo achanjwe. Na sigara: watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2013 kwamba mvutaji anayetumia dawa za VVU vizuri hupoteza miaka mingi zaidi ya maisha kwa sigara kuliko kwa VVU vyenyewe. Miaka 17 yote hii sijawahi kusikia mtu kwenye benchi letu akiulizwa kama anavuta.

Nimewahi kuambiwa na msimamizi mmoja kwamba tukiwaeleza wagonjwa habari za saratani tutawatisha, waache dawa. Naelewa alikotoka. Lakini tulishavuka hofu kubwa kuliko hiyo siku tuliyopewa majibu yetu ya kwanza. Mtu akiambiwa "hatari yako ni mara sita" na kwenye sentensi hiyo hiyo akaambiwa "na kipimo ni hiki, jichukulie sasa hivi", haogopi, anauliza choo kiko wapi.

Najua pia kwamba fedha zimepungua, hasa tangu Januari 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, na kwamba kila mkurugenzi kwa sasa anaangalia cha kupunguza. Naomba msianze na hiki. Uchomaji wa dakika mbili niliofanyiwa mimi hauwezi kulinganishwa na mionzi na dawa za saratani na kitanda cha mtu anayeondoka akiwa na miaka 40. Na kumwambia mtu avue viatu hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mstari mmoja kwenye fomu, chini ya yale maswali manne: ngozi na nyayo, kinywa, matezi. Weka tiki. Na mtu wa kuja kukagua kama tiki ni ya kweli.

Sisi hatukusubiri. Kwenye kikundi chetu tuko 12, na tangu kaka yangu azikwe tunaangaliana wenyewe kabla ya kuitwa ndani: viatu chini, midomo wazi, tochi ya simu, vidole shingoni na kwapani. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja tulimkuta na doa nyuma ya goti, dogo, la zambarau, haliumi. Sista alikubali kuliangalia, akampa rufaa siku hiyo hiyo. Huko alikopelekwa wamempangia tarehe ya kukatwa kinyama, na ni baada ya wiki saba. Naomba muanzie kwake.

Wenu katika heshima,

Dada wa marehemu, mshauri rika